Baada ya Chakula cha Nani?

Ukipewa vidonge vya mafua, na mtoa dawa akakwambia umeze baada ya chakula, jua kwamba chakula hicho ni chako wewe. Si cha mumeo, si cha wageni wake, si cha nyumba. Kiingie kinywani mwako, ukitafune, kikae tumboni mwako, ndipo vidonge vifuate. Najua unacheka. Unasema, huyu naye, nani asiyejua hilo? Mie nilikuwa nalijua. Nilisoma mpaka darasa la kumi katika shule ya bweni ya wasichana, na karatasi iliyobandikwa kwenye chupa niliisoma kwa Kiingereza chake na nikaielewa. Na bado nilikaribia kuzikwa.

Kwa hiyo usicheke kwanza.

Mafua yalinianza kipupwe kikielekea kwisha, ule upepo wa asubuhi unaokausha midomo. Tulikuwa tunakaa Temeke, nyumba ya udongo yenye bati, uani kuna mpapai na choo. Mume wangu Seif ni karani bandarini. Mama yake, Bi Mwanaidi, alikuwa akikaa nasi, au tuseme sisi tulikuwa tukikaa naye, maana funguo zote zilikuwa kiunoni mwake. Barazani alikuwapo Mzee Omari, mjomba wa Seif, fundi cherehani, ambaye akishona hapo mchana kutwa na kula kwetu. Na mwanangu Zuhura, wa miezi mitano, wa kwanza na bado wa pekee, alikuwa hajui kitu kingine duniani ila maziwa yangu.

Utaratibu wa kula katika nyumba ile ni ule mnaoujua wengi wenu. Sinia la wanaume linatangulia barazani. Wanaume wanakula, wanazungumza, wanaletewa maji ya kunawa. Likirudi uani, ndipo wanawake wanakaa mkekani na kula kilichobaki na kilichomo sufuriani. Kwa baba yangu haikuwa hivyo, kwani yeye alikuwa mwalimu na alitaka tule naye ili atuulize hesabu. Shuleni kengele ikilia mnakula wote, ugali ungali unatoa moshi. Lakini niliolewa, na siku ya kuondoka baba aliniambia neno moja tu: "Usimjibu mama mkwe wako." Nikamwahidi. Ahadi hiyo nimeilaani mara nyingi kuliko ugonjwa wenyewe.

Siku ya nne ya homa Seif alinipeleka zahanati. Wanawake tuliketi kwenye benchi refu upande wa jua, na wanaume walipanga foleni dirishani. Ya kwao ilikuwa fupi. Seif akasimama huko kwa niaba yangu, na chupa yetu mkononi, chupa ya zamani ya sharubati niliyoichemsha mwenyewe. Nilipokohoa kwa nguvu, dresa, mtoa dawa wa pale, alitoa kichwa nje ya dirisha.

"Bwana, mwambie mkeo akohoe upande ule."

"Mama Zuhura, kohoa upande ule," akasema Seif.

Nikakohoa upande ule. Nilikuwa hatua tano kutoka kwao. Dresa alimimina dawa ya kahawia ya kikohozi chupani, akabandika karatasi ya maagizo, akafunga vidonge vyeupe vya homa na maumivu katika karatasi nyingine, akasema, si kwangu, kwa Seif: "Viwili kutwa mara tatu, baada ya chakula. Umeelewa, bwana?"

"Nimeelewa."

Alielewa yeye! Mgonjwa yuko benchi, kamasi zinamtoka, na anayeelewa ni mzima.

Nyumbani Bi Mwanaidi aliichukua ile karatasi ya vidonge kabla sijavua viatu. Akaifunga kwenye pindo la kanga yake, fundo la kwanza, fundo la pili. "Nitakuwekea mie," alisema. "Watu wa vitabu wanasahausahau."

Mchana huo nilipika wali na mchuzi wa nguru. Sinia likaenda barazani. Likarudi. Hata sijakaa mkekani, nikamsikia:

"Wameshakula. Njoo umeze."

Nilidhani nimesikia vibaya kwa sababu masikio yalikuwa yameziba. "Mama, mie sijala bado."

"Chakula si kimeliwa? Dresa kasema baada ya chakula, na mwanangu kanieleza hivyohivyo. Kimeliwa. Au huko shuleni mlifundishwa na udaktari?"

"Hapana, mama."

"Basi fungua kinywa."

Nikafungua. Vidonge viwili, maji ya mtungi, tumboni hamna hata punje. Jioni nilimweleza Seif. Alikuwa akifungua kamba za viatu, hakuinua uso. "Msikilize mama," akasema. "Kanilea kwa mikono ile ile, na mie si nipo hai?" Nikataka kumjibu kwamba yeye kila alipopewa dawa alikuwa ameshakula, kwa sababu tangu alipoota meno yeye ndiye aliyekuwa akila wa kwanza. Lakini neno hilo lingemfikia mama yake, nikaliacha. Nikakumbuka ahadi ya baba.

Mtauliza, kwa nini hukujidokolea chakula jikoni ukala kabla? Anayeuliza hivyo hajaolewa Temeke. Mwanamke anayekula jikoni kabla sinia halijatoka ana jina lake, na jina hilo likishakuganda halitoki kwa sabuni. Tayari nilikuwa na jina moja, "msomi", na Bi Mwanaidi alikuwa akilitamka kama vile unavyotaja ugonjwa wa ngozi. La pili sikulitaka. Haya ndiyo mambo niliyoyaogopa. Jina! Mtu mzima na akili zangu niliogopa jina kuliko tumbo langu.

Basi ikawa hivyo. Asubuhi chai, wameshakula, njoo umeze. Mchana, wameshakula, njoo umeze. Jioni, wameshakula, njoo umeze. Siku ambazo Seif alikuwa na wageni wa Ijumaa, wanaume walikaa kwenye sinia mpaka adhana, na mie nikameza vidonge kisha nikangoja sinia lirudi kama kuku anavyongoja makapi. Likirudi sikuwa na hamu tena. Tumbo lilikuwa limeshaanza kuwaka, hapa chini ya kifua, kama mtu aliyemeza kaa la moto. Nakula matonge matatu, nashindwa.

Karatasi ya kwanza ikaisha. Homa ilishuka, kikohozi kikabaki. Seif akapita zahanati akitoka kazini, dresa akamfungia karatasi ya pili bila kumuuliza lolote. Kisha ya tatu. Sikuonekana dirishani hata mara moja. Mgonjwa alikuwa ni Seif, kama unavyoona. Mie nilikuwa tumbo tu la kuhifadhia dawa.

Mwili ukaanza kunihama. Kanga iliyokuwa ikinizunguka mara moja na nusu, ikanizunguka mara mbili kamili. Kucha zikawa nyeupe kama za maiti, ninajua neno ninalolitumia. Nikipanda kizingiti cha mlango moyo ulinipiga kama nimetoka Buguruni mbio. Na choo changu kikawa cheusi, cheusi cha lami, chenye harufu ambayo sijawahi kuisikia. Nililiona hilo siku tisa, na siku tisa sikumwambia mtu, kwa sababu mwanamke asemeje neno kama hilo, na amwambie nani? Sasa nawaambia nyie wote kwa sauti: mkiona choo kina rangi ya lami na mnameza vidonge vya maumivu, acheni vidonge hivyo na mkimbie hospitali siku hiyohiyo. Msione haya. Haya haitakuja kuwalilia kaburini.

Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni maziwa. Yalipungua. Zuhura alinyonya, akavuta, akaachia, akanitazama usoni kama anauliza nimeyaficha wapi, kisha akalia. Bi Mwanaidi naye alihangaika, sitamnyima haki yake. Alinikorogea uji wa pilipili manga, ule wanaopewa wazazi ili maziwa yashuke. Akaketi mbele yangu mpaka nikamaliza bakuli. Kila funda la uji ule lilipita kwenye lile kaa la moto. Nilitoka jasho, nikaona nyota. Yeye akanipangusa paji la uso kwa pindo lilelile lenye vidonge, akasema, "Kunywa, mwanangu, kunywa. Huyu mtoto atakula nini?" Alinipenda siku ile. Aliniua na kunipenda kwa mkono mmoja, na ndiyo sababu hasira yangu mpaka leo haina pa kukaa.

Asubuhi ya siku ya kumi tangu choo kigeuke rangi nilikuwa nafua nepi uani. Nilihisi kichefuchefu, nikainama, nikatapika kitu cheusi, chembechembe, kama machicha ya kahawa. Nikasema moyoni, mbona sikunywa kahawa? Ndilo la mwisho ninalolikumbuka la nyumbani. Mzee Omari ndiye aliyeniokota. Aliacha cherehani na suruali ya mtu ikiwa mguu mmoja, akanibeba mpaka barabarani, akasimamisha gari la mtu wa mboga, akanilaza juu ya magunia ya mchicha. Nilizinduka njiani nikaona futi yake ya kupimia inaning'inia shingoni. "Tulia, mwanangu," alikuwa akisema. "Tulia, tunafika." Katika miaka miwili ya ndoa yangu hatukuwahi kuzungumza zaidi ya shikamoo na marahaba.

Hospitali ya mjini nayo ina benchi lake. Kaeni tayari kwa benchi, nyie mtakaougua, kwani ugonjwa ni benchi kuliko sindano. Bi Mwanaidi alikuja nyuma na Zuhura mgongoni. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Pembeni yetu alikuwapo mwanamke wa Kimakonde, mguu wake umefungwa bendeji, na kichanga chake mapajani. Hakutuuliza sisi ni akina nani. Alinyoosha mikono. "Nipe huyo," akamwambia Bi Mwanaidi. "Mimi nina mawili, na wangu anatumia moja." Akamnyonyesha mwanangu pale benchi. Jina lake sikulijua. Zuhura ana ndugu wa kunyonya mahali fulani katika nchi hii, na sitamjua kamwe.

Nikaingizwa. Daktari Mzungu, mrefu, macho yamechoka. Nesi alikuwa mwanamke wa bara, mnene, mikono ya joto. Seif alikuwa amefika kutoka bandarini, kalamu bado ipo mfukoni. Daktari alinibonyeza tumbo, akafunua kope zangu, kisha akamwambia nesi kwa Kiingereza kwamba damu inavuja tumboni, na amuulize mume nilikuwa nameza nini na kwa namna gani.

Nesi akamgeukia Seif. Lakini mie nilikuwa nimesikia, na Kiingereza ni kitu pekee ambacho hakikuwa kimefungwa pindoni mwa mtu. Nikasema kwa lugha yake, kwa pumzi iliyobaki: "Niulize mimi. Tumbo ni langu."

Daktari akanitazama mara ya kwanza. Akavuta kiti akakaa.

Nikamweleza vidonge, vingapi, siku ngapi. Seif akaingilia kati, kwa heshima zake zote za ofisini: "Tulifuata maagizo, daktari. Kila mara alimeza baada ya chakula. Hatukukosa hata mara moja."

Nesi aliyekuwa akitayarisha sindano akasita. "Baada ya chakula cha nani?"

"Nini?"

"Nauliza, bwana. Chakula cha nani? Mkeo huyu nimemshika, hana kitu tumboni tangu jana. Kila mara baada ya chakula, chakula alikula nani?"

Seif aligeuka kumtazama mama yake. Kutoka mlangoni Bi Mwanaidi akajibu kwa niaba yake, kwa sauti ya mtu anayejibu swali jepesi kabisa:

"Cha wanaume. Wao si ndio wanaokula kwanza?"

Kisha nikaona neno lake mwenyewe likimrudia. Niliona likimwingia polepole, machoni, mdomoni. Akaweka mkono juu ya lile fundo la kanga na hakuuondoa.

"Yesu wangu," akasema nesi, akanidunga sindano.

Nililazwa wiki tatu. Maziwa baridi kila baada ya saa mbili, uji laini, yai la kuchemsha. Siku mbili za kwanza walikuwa wanangoja kuona kama nitatapika tena, na nilijua kutoka kwenye nyuso zao kwamba nikitapika, basi. Sikutapika. Vuli ilianza kunyesha nikiwa wodini, juu ya bati, kelele tamu kuliko zote. Seif alikuja kila jioni akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Siku ya kumi alisema, "Mie nilidhani mama amekupa chakula." Nikamuuliza, "Uliwahi kuniona nikila?" Akafikiri. Alifikiri kwa kweli, maskini, akakunja uso, akatafuta. Kisha akasema, "Hapana. Sijawahi kukuona." Miaka miwili, na hajawahi kuniona nikitafuna. Sikumsamehe siku ile. Nilimsamehe baadaye, robo robo, na robo ya mwisho ninayo bado.

Maziwa hayakurudi. Nawaambieni wazi, kwa sababu wapo watakaowadanganya kwamba kila kitu hurudi. Nilikamua, nilikandwa kwa maji ya moto, nilikula kila jani nililoambiwa. Kifua kilibaki kama mifuko iliyomwagwa. Zuhura alilelewa kwa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji na kwa uji wa mtama. Alikonda mpaka nikaweza kuhesabu mbavu zake wakati wa kumwogesha, kisha masika yalipofika akaanza kunenepa, na sasa anakimbia na kuvunja vikombe vyangu. Namshukuru Mungu. Lakini miezi ile ya kifua changu niliibiwa, na sijui nimfungulie nani mashtaka.

Siku niliyorudi nyumbani nilipika mwenyewe. Wali ulipoiva nikachukua sahani, nikajipakulia, nikakaa mkekani katikati ya ua na kuanza kula. Sinia la wanaume lilikuwa bado tupu.

Bi Mwanaidi akatoka chumbani. "Mama Zuhura. Wanaume hawajala."

"Nimeona, mama."

"Watu watasemaje?"

"Waseme nimekula."

Ile ndiyo mara yangu ya kwanza kumjibu. Tonge lilinidondoka, nikafinyanga jingine. Barazani cherehani ya Mzee Omari ilinyamaza, kisha nikasikia anamwambia Seif, "Mwache ale. Mie nina haraka gani?" Na cherehani ikaendelea. Nikamaliza sahani yote, nikanawa, nikawapelekea sinia lao. Tangu siku hiyo vidonge na dawa zote za nyumba hii vimo katika mkebe wa biskuti, juu ya kabati, na mkebe ni wangu.

Kipupwe kilichofuata mafua yalimshika Bi Mwanaidi. Homa, mafua, macho mekundu. Nilikwenda naye zahanati mwenyewe, nikasimama dirishani mwenyewe, katika foleni ya wanaume, na wakanipisha kwa sababu niliwatazama vibaya. Nikamwambia dresa azungumze na mgonjwa, yule pale, ana masikio. Akazungumza naye.

Mchana nilikuwa napakua. Bi Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, amejifunika kanga mpaka kichwani.

"Mkebe uko wapi?" akauliza. "Nimeze nikalale."

"Ukila kwanza, mama."

"Wameshakula?"

"Sijawauliza."

Nikamwekea sahani mapajani. Wali umetoka jikoni sasa hivi, mchuzi juu yake, moshi unapanda. Akaitazama ile sahani. Akatazama mlango wa barazani. Mwanamke mwenye wajukuu, na alikuwa anatazama mlango kama mtoto anayetaka kuiba sukari.

"Kula, mama."

Akafanya tonge dogo. Akalitia kinywani, na mara akaacha mdomo wazi, akapuliza, akajipepea kwa kiganja.

"Una moto!"

"Umetoka jikoni."

"Hivi ndivyo unavyokuwa?" akasema. Alikuwa akiuangalia wali kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mji ambao alikuwa akiusikia tu. "Ndivyo unavyokuwa siku zote?"

"Siku zote, mama."

Akala polepole. Hakuacha punje. Nilisimama na mkebe mkononi nikimngoja, na hasira ilinipanda upya, kubwa kuliko ile yangu mwenyewe, kwa kila sahani iliyopoa mbele ya mwanamke huyu tangu alipoolewa. Alipomaliza alinipa sahani, akakinga kiganja.

"Sasa nipe," akasema. "Nimeshakula."